Umeletewa madai ya hakimiliki? Soma hii kabla ya kutuma pesa

Swali hutufikia hivi: "Kuna mtu ameingia kwa duka na fomu, anasema nacheza muziki bila leseni, nilipe sasa hivi ama abebe spika. Amenipa namba. Nitume?" Siku nyingine ni barua pepe kutoka Ulaya kuhusu picha uliyoiweka kwa ukurasa wako wa Facebook miaka miwili iliyopita, na chini yake kuna kiasi cha kulipa, tena kwa yuro. Siku nyingine ni ujumbe wa usiku: ukurasa wako utafungwa ndani ya saa 24 kwa kukiuka hakimiliki, bonyeza hapa.

Sisi ni kampuni ya malipo, si ofisi ya mawakili, na makala haya hayachukui nafasi ya wakili wako. Lakini mambo haya karibu yote huishia kwa simu yako, kwa ile hatua ya kuweka PIN. Ukiiweka kwa hofu, unaweza kuwa umelipa deni halali, ama umelipa mtu asiye na haki ya kupokea, ama umempa tapeli mshahara wa wiki nzima. Ujumbe wa kuthibitisha malipo unafanana katika hali zote tatu.

Na kuna upande wa pili. Kuna mfanyabiashara anayepokea barua, anaikunja, anaiweka chini ya kaunta na kusema hao ni waongo tu. Baadaye akiitwa mahakamani, barua ile ile inatolewa kama ushahidi kwamba aliambiwa mapema na akaendelea. Kunyamaza kunamwachia anayekudai asimulie habari peke yake.

Kati ya kutuma haraka na kunyamaza kuna njia ya tatu: kujibu kwa maandishi, kuuliza anayedai ni nani na ana haki gani, na kulipa kile tu kinachodaiwa kihalali, mahali ambapo malipo yanaacha alama.

Sheria inalinda nini hasa

Kenya inatumia Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, ambayo ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2019. Inalinda nyimbo, rekodi, picha, michoro, maandishi, filamu, hata programu za kompyuta. Ofisi ya serikali inayosimamia ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, wengi wanaijua kama KECOBO.

Hakimiliki huanza pale kazi inapoandikwa, kupigwa au kurekodiwa. Haihitaji kusajiliwa. Kusajili KECOBO ni hiari, na faida yake ni kurahisisha ushahidi. Kwa hiyo kumjibu mtu "lakini hii picha hujaisajili" hakukuokoi. Wala "mwenyewe ni mzungu, yuko mbali": Kenya iliingia Mkataba wa Berne mwaka 1993, na kazi za watu wa nchi wanachama zinalindwa hapa kama zetu.

Kwa utunzi wa wimbo au kitabu, ulinzi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Picha na rekodi hupata miaka 50. Zile nyimbo za Kikalenjin za miaka ya tisini zinazopigwa kwa matatu za kwenda Iten na Kapsabet bado zina wenyewe, hata kama kanda yake haiuzwi tena popote.

Kuna majibu matatu ambayo watu hupenda kutoa na ambayo hayasaidii. La kwanza, "niliitoa Google." Google inakuonyesha picha iko wapi, haikupi ruhusa. La pili, "nimeandika jina la aliyeipiga." Hiyo ni adabu nzuri, lakini kumtaja mtu si kumwomba. La tatu, "mimi hulipia Spotify kila mwezi." Usajili ule ni wako binafsi, na masharti yao wenyewe hayaruhusu kuutumia kuwachezea wateja dukani.

Misamaha ipo. Sheria inaruhusu matumizi ya haki kwa mambo kama utafiti, matumizi ya kibinafsi, uhakiki na kuripoti habari za sasa. Tangazo la ofa ya viatu haliko kwenye orodha hiyo.

Mtu wa fomu mlangoni

Haya ndiyo madai ambayo biashara ndogo hukutana nayo zaidi. Kinyozi wa Langas, saluni ya Kapsoya, hoteli ya chai karibu na stendi, baa kando ya Uganda Road: muziki ukisikika na wateja, sheria inahesabu kwamba umechezwa hadharani, na hapo leseni inahitajika. Tarifa zimekuwa zikigusa hata redio na televisheni iliyotundikwa ukutani.

Kinachochanganya watu ni kwamba wimbo mmoja una wenyewe zaidi ya mmoja. Kuna aliyetunga, kuna aliyegharamia rekodi, kuna walioimba na kupiga vyombo. Kila kundi limekuwa na shirika lake la kukusanya pesa: MCSK kwa watunzi, KAMP kwa watayarishaji wa rekodi, PRISK kwa wasanii waigizaji na wapigaji. Kuna nyakati yamekusanya pamoja kwa leseni moja, na nyakati nyingine kila mmoja kivyake. Ndiyo maana unaweza kulipa leo na wiki ijayo ukaletewa fomu nyingine yenye nembo tofauti, ukadhani unaibiwa. Pengine unaibiwa, pengine huibiwi.

Hakuna shirika linaloruhusiwa kukusanya mirabaha bila leseni ya KECOBO, na leseni hiyo ina muda wake. Mwaka 2017 MCSK ilikosa leseni na kazi ile ikapewa MPAKE. Agosti 2021 KECOBO ilifuta leseni za MCSK, KAMP na PRISK zote tatu. Mwaka 2025 jina jingine, PAVRISK, likaingia kwenye orodha. Kwa hiyo karatasi iliyobandikwa ukutani tangu mwaka juzi haikuambii ni nani anayeruhusiwa kukusanya leo. Wala fulana yenye nembo haikuambii. Anayejua ni KECOBO, na kuwapigia au kuangalia tangazo lao la karibuni ni kazi ya dakika chache.

Kiasi nacho hakitoki kichwani mwa mtu. Sheria inataka tarifa iwe imeidhinishwa na kuchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na hutofautiana kwa aina na ukubwa wa biashara. Kinyozi wa viti viwili hawezi kuandikiwa sawa na klabu ya usiku.

Mazungumzo mazuri mlangoni huenda hivi:

"Mama, ni elfu tano. Tuma kwa hii namba tumalizane."

"Karibu kijana. Nionyeshe kitambulisho chako cha kazi, na uniambie shirika lenu lina leseni ya KECOBO ya mwaka huu ama halina. Hiyo elfu tano imetoka wapi kwenye tarifa? Niandikie invoisi kwa jina la biashara, yenye Paybill ya shirika. Nikishahakikisha, nitalipa."

Mkusanyaji wa kweli anaweza kununa kidogo, lakini atakuachia karatasi. Wa uongo huwa na haraka, ana namba ya mtu binafsi, na bei yake hushuka ukikaza uso. Elfu tano ikigeuka elfu moja mia tano ndani ya dakika mbili, jua hakuna tarifa hapo.

Tofautisha pia mkusanyaji na mkaguzi. KECOBO ina wakaguzi walioteuliwa kisheria, wenye cheti ambacho una haki ya kuonyeshwa, na wana mamlaka ya kuingia na kukagua. Polisi nao wanaweza kufanya kazi hiyo. Mkusanyaji wa shirika la muziki, peke yake, hana mamlaka hayo. Wakija wakaguzi au polisi na wakabeba vifaa, usivutane nao kwa waya wa spika. Omba orodha ya vilivyochukuliwa, majina yao, kituo vinakopelekwa na nambari ya OB. Piga picha ya orodha hiyo. Halafu tafuta wakili siku hiyo hiyo, kwa sababu kucheza muziki hadharani bila ruhusa kunaweza kuwa kosa la jinai, si deni tu.

Sheria ina utetezi kwa aliyefanya hivyo kwa nia njema bila sababu ya kushuku kwamba anakiuka haki ya mtu. Lakini ukishapokea barua rasmi, utetezi huo unapungua nguvu sana. Huwezi tena kusema hukujua. Kwa maoni yetu, kama biashara yako inategemea muziki, chukua leseni, uihesabu kama kodi ya nyumba au bili ya stima. Kama muziki ni wa kukuondolea upweke tu asubuhi kabla wateja hawajafika, zima wanapoanza kuingia.

Jambo moja zaidi hapa, kwa sababu limewaponza wengi. Msanii rafiki yako akikuambia "wewe cheza tu nyimbo zangu," hilo halimalizi habari. Akiwa mwanachama wa shirika, huenda alishalikabidhi haki hizo, na rekodi yenyewe inaweza kuwa ya studio iliyoitoa. Mwombe aandike ruhusa, na aseme wazi kama kazi hiyo iko chini ya shirika lolote.

Na kama shida yako ni bei au masharti ambayo unaona hayana haki, sheria hiyo hiyo iliunda jopo la kusikiliza mizozo ya hakimiliki. Unaweza kupeleka huko shirika linalokunyima leseni au kukuwekea masharti yasiyo ya busara. Wafanyabiashara wachache hulitumia, nasi tunadhani sababu ni kwamba wengi hawajui lipo.

Barua kuhusu picha

Tuseme unauza viatu vya michezo hapa Eldoret. Umepata picha ya mwanariadha wetu akivuka utepe kule Berlin, ukaandika juu yake "OFA, NJOO MAPEMA" na kuiweka kwa ukurasa wa duka. Kwa picha hiyo moja umegusa watu wawili. Aliyeipiga, au shirika la habari analolifanyia kazi, ndiye mwenye hakimiliki. Mwanariadha ana haki juu ya sura yake, na hiyo si hakimiliki. Inatoka kwenye Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Usiichukulie kama jambo dogo: Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Kwa hiyo mwanariadha, hata akiwa ni mtu wa kwenu, akikuambia "sawa, tumia," bado hujamalizana na mpiga picha.

Siku hizi mpiga picha hahitaji kupita Eldoret ili aone bango lako. Kampuni kama Copytrack ya Berlin na PicRights hutumia programu kutafuta picha za wateja wao katika intaneti nzima, halafu huandika barua za madai. Barua yenye jina la kampuni kama hizo inaweza kuwa ya kweli. Inaweza pia kuwa ya mtu aliyeazima jina lao. Tafuta tovuti ya kampuni mwenyewe, bila kubonyeza kiungo kilicho ndani ya barua, na uulize huko kama nambari ya madai hayo iko kwao.

Kabla ya kufuta chochote, piga picha ya skrini ya ukurasa wako kama ulivyo: picha, tarehe ya kuwekwa, na watu waliokuwa wameiona. Wengi hufuta kwanza, halafu wanabaki bila njia ya kuonyesha kwamba picha ilikaa siku nne tu na si miaka minne. Ukishahifadhi, iondoe. Iondoe pia kwa hadhi ya WhatsApp, kwa Instagram, na kwa lile bango la mlangoni.

Sasa uliza picha ilifikaje hapo. Mara nyingi jibu ni "jamaa wa grafiki ndiye aliyetengeneza." Hapa sheria ya Kenya iko upande wako kidogo: ukimwagiza mtu akutengenezee kazi kwa malipo, hakimiliki ya kazi hiyo huhesabiwa kuwa imehamia kwako, isipokuwa mmekubaliana vingine. Lakini hawezi kukupa asichokuwa nacho. Akichukua picha ya mtu kutoka mtandaoni na kuibandika kwa bango lako, mwenye picha bado anaweza kukudai wewe uliyeitumia.

Basi rudi kwenye simu. Tafuta mazungumzo ya WhatsApp uliyomwagiza kazi, na malipo uliyomtumia. Kwenye taarifa ya akaunti yako ya biashara utaona tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Hiyo inaonyesha uliagiza kwa nani, lini, na kwamba ulilipa. Ukilazimika kumlipa mwenye picha, unaweza kumgeukia jamaa wa grafiki kwa kazi mbovu aliyokuuzia, na mzozo wa mkataba wa huduma kama huo unaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1. Kama ulimlipa kwa pesa taslimu mkononi bila ujumbe hata mmoja, utakuwa na maneno yako dhidi ya yake.

Halafu andika. Kiswahili au Kiingereza, lugha yoyote unayoweza kuitetea. Mfano wa jibu fupi:

"Nimepokea barua yenu ya tarehe [ ] kuhusu picha iliyokuwa kwenye ukurasa wa biashara yangu. Nimeiondoa tarehe [ ] kwa tahadhari, na kuiondoa si kukiri kosa wala kuacha haki yangu yoyote. Ili niweze kujibu madai, naomba mnitumie: picha halisi na jina la aliyeipiga, hati inayoonyesha kwamba nyinyi ndio wenye haki au mmeruhusiwa kudai kwa niaba yake, mahali na tarehe mliyoiona, na jinsi mlivyofikia kiasi mnachodai, pamoja na bei ya kawaida ya leseni ya picha hiyo. Nitajibu ndani ya siku 14 baada ya kupokea hayo."

Angalia kilichokosekana humo. Hakuna hadithi ndefu, hakuna "samahani sikujua ni wizi," hakuna matusi, hakuna ahadi ya kulipa. Ukiandika "nisamehe, nitalipa polepole" ukiwa bado hujui kama anayekudai ndiye mwenye picha, umeshamaliza mazungumzo kabla hayajaanza.

Wakikuletea ushahidi na ni kweli umetumia picha yao, basi unadaiwa, na kazi iliyobaki ni kiasi. Sheria inaruhusu mahakama, badala ya fidia, kukadiria malipo kwa kuangalia mrabaha ambao mtu aliyeomba leseni angelipa. Hicho ndicho kipimo cha kukirudia: leseni ya picha hiyo, kwa ukurasa mdogo wa duka moja la Eldoret, kwa siku ulizoitumia, ingekuwa pesa ngapi? Tafuta bei hiyo kwenye tovuti yao wenyewe. Kiasi cha barua ya kwanza mara nyingi ni kama bei ya kwanza ya mtumba sokoni. Jibu kwa heshima, taja kipimo chako, na ungoje.

Lakini kinachokuja kikiwa ni hati ya mahakama, hayo si mazungumzo tena. Hati hiyo ina siku maalum za kujibu, na zikipita hukumu inaweza kutolewa bila wewe kuwepo. Mpelekee wakili siku hiyo hiyo.

Ukurasa unapoguswa

Marekebisho ya mwaka 2019 yaliweka utaratibu wa kuondoa vitu mtandaoni. Anayelalamika lazima aandike ilani, aitie sahihi, aeleze kazi yake na iliyokiuka, na aiambatanishe na hati ya kiapo. Mtoa huduma ana saa 48 za kazi kuchukua hatua, na wewe una nafasi ya kuleta ilani ya kupinga. Anayetoa ilani ya uongo au ya chuki anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kifungo cha hadi miaka mitano, au vyote viwili. Hilo la mwisho ni zuri kulijua pale mshindani wako wa mtaa wa pili anapoanza kuripoti picha za keki ulizooka na kupiga mwenyewe.

Facebook, Instagram na YouTube hufuata hasa sheria ya Marekani. Nako kuna ilani ya kupinga, na baada ya kuituma, aliyelalamika asipofungua kesi, kitu chako kinaweza kurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi. Tuma ilani hiyo ukiwa na uhakika tu: unatoa jina na anwani yako, unaapa, na unakubali kushtakiwa katika mahakama ya kule. Ushahidi mzuri kwa picha uliyopiga ni faili yenyewe bado ikiwa kwa simu, ile ya kwanza kabisa, na zile nyingine tano zilizotoka na ukungu.

Kwa TikTok, akaunti ya biashara ina maktaba yake ya muziki ulioruhusiwa kwa matangazo. Wimbo unaovuma leo huenda haumo. Kwa YouTube, madai ya mfumo wa Content ID kwa kawaida huhamisha tu mapato ya video au kuizuia, lakini onyo rasmi la hakimiliki ni jambo jingine: matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli.

Na ule ujumbe wa usiku? Umekuja kwa Messenger kutoka kwa ukurasa wenye jina kama "Kituo cha Hakimiliki", una kiungo, na unataka neno lako la siri. Hao ni matapeli wa kuiba kurasa. Ilani ya kweli utaikuta ndani ya programu yenyewe, kwenye sehemu ya hali ya akaunti au kisanduku cha usaidizi. Mitandao haidai faini ya hakimiliki kwa simu. Wala sisi hatutakuomba PIN ili "kufungua ukurasa."

Ukifika wakati wa kulipa

Umehakikisha, mmekubaliana kiasi. Kabla ya pesa kutoka, pata makubaliano kwa maandishi, hata ukurasa mmoja: ni kazi gani, kiasi gani, kwamba malipo hayo yanafunga madai yote ya matumizi yaliyopita, na kama unaruhusiwa kuendelea kutumia au la. Hilo la mwisho husahauliwa. Mtu analipa, anarudisha picha kwa ukurasa akidhani ameinunua, na anaandikiwa tena.

Lipa kutoka akaunti ya biashara, si kutoka kwa simu ya mtoto wala ya jirani. Lipa kwa Paybill, Till au akaunti ya benki yenye jina lile lile lililo kwenye makubaliano. Simu inakuonyesha jina kabla ya kuweka PIN, na wengi hupita hapo bila kusoma. Jina likiwa la mtu ambaye hamjawahi kumtaja, simama. Kwenye nafasi ya akaunti andika nambari ya invoisi au ya madai, ili malipo yajieleze yenyewe mwaka kesho. Anayesema Paybill ya ofisi "ina shida leo" na utume kwa namba yake, mwambie utangoja ipone.

Kama umeshatuma na sasa unashuku, usikae ukijilaumu, kwa sababu kila dakika ni pesa inayotolewa kwa wakala. Kwa M-Pesa, pitisha ule ujumbe wa malipo kwa 456 kuomba urejeshwe. Kwa malipo yaliyopita kwetu, piga huduma kwa wateja ukiwa na nambari ya muamala. Ila elewa mpaka wa msaada huo: urejeshaji uliundwa kwa aliyekosea namba. Ukiwa ulituma kwa namba uliyoikusudia, na mpokeaji akakataa au ameshatoa zote, hatuwezi kuzivuta kwa nguvu. Hapo kinachobaki ni kuripoti polisi, upate nambari ya OB, na taarifa yako ya malipo iende na hiyo faili.

Baada ya malipo ya halali, omba risiti na barua ya kufunga madai. Ziweke pamoja na barua ya kwanza, jibu lako, picha za skrini na taarifa ya akaunti, nakala moja kwa karatasi na nyingine kwa barua pepe, kwa sababu simu huibiwa. Kama ni leseni ya muziki, angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa, uiweke kwa kalenda ya simu mwezi mmoja kabla, na ibandike mahali ambapo kijana wa fomu ataiona kabla hajafika kwa kaunta.